Dhidi ya Injili ya Kuonekana

Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke hadi Tegeta, Boko na Bunju upande wa Kinondoni, umejengeka mtazamo ambao wengi wanauishi na wachache wanauweka wazi kwa maneno, yaani kwamba mtu hupata furaha pale watu wanaomzunguka wanapomkubali, na kwamba imani, kama ina faida yoyote kwa maisha ya hapa duniani, ni kumfikisha mtu mapema zaidi kwenye kukubalika huko. Sehemu ya kwanza ya mtazamo huu ni ya zamani na ina sababu zake. Sehemu ya pili ni mpya, imezaliwa madhabahuni, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Makala haya yanazipinga zote mbili, lakini si kwa uzito uleule, kwa kuwa jirani anayetamani sifa za jirani yake anaeleweka, ilhali mhubiri anayemwahidi sifa hizo kwa jina la Kristo anapaswa kuulizwa maswali magumu.

Haitoshi kulaumu tamaa ya kukubalika bila kuonyesha inakotoka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na kati yao 1,346,674 walikuwa katika Wilaya ya Temeke peke yake. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi halikuweza kuenea Kariakoo wala Magomeni, ambako nafasi ilikwisha zamani, bali sehemu kubwa yake ilimiminika kwenye yaliyokuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, ambako ekari za wenyeji zilikatwa viwanja, na Mchaga wa Rombo akajikuta amepakana na Mmakonde wa Newala na Mnyakyusa wa Tukuyu, kila mmoja bila kujua mwenzake ni mtoto wa nani. Kijijini heshima ya mtu humtangulia, kwa kuwa babu yake anajulikana, shamba lake linajulikana, na hata ugomvi wa ukoo wake unajulikana. Chamazi hakuna ajuaye lolote kati ya hayo, na kwa sababu hiyo heshima inabidi ionekane kwa macho. Ndiyo maana wakati mwingine geti la chuma husimama kabla choo hakijaezekwa, na ndiyo maana sherehe ya familia ya kipato cha chini inaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa kwa usiku mmoja bila mtu yeyote kushangaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kamati ya harusi, yaani kundi la ndugu, marafiki na wafanyakazi wenza linalokutana kwa wiki kadhaa kuchangisha fedha za ukumbi, chakula, mapambo na mshereheshaji. Mara nyingi anayechangia chini ya kima kilichowekwa hapati kadi, anayefikisha kima hicho hupata kadi ya mtu mmoja, na anayetaka kwenda na mwenzi wake huongeza. Msibani nako kuna daftari la rambirambi, ambamo jina la mtoaji huandikwa sambamba na kiasi alichotoa, na ingawa daftari hilo lilibuniwa ili wafiwa wajue wa kumlipa fadhila siku yake ikifika, kila anayeinama kuandikisha jina lake huona pia walichotoa waliomtangulia. Hakuna ubaya katika kuchangiana. Ubaya huanza pale mchango unapogeuka cheti cha thamani ya mtu.

Watetezi wa mtazamo huu wana hoja nzito ambayo mimbari nyingi huipita kwa dharau. Wanasema kwamba mkazi wa Tandika au wa Manzese, ambaye hana pensheni wala mwajiri wa kudumu, hana bima nyingine zaidi ya watu, kwa sababu siku ya ugonjwa ni jirani atakayetafuta bajaji usiku, na siku ya msiba ni watu wa mtaa watakaofunga turubai, kukopa viti vya plastiki na kuinjika sufuria la wali. Wanakumbusha kwamba mtu ni watu, na kwamba wahenga hawakumwonea haya mpinzani wa jamii waliposema kuwa mkataa wengi ni mchawi. Kwa maoni yao, kumwambia mtu kama huyo asijali watu watasema nini ni anasa ya wenye mishahara na kuta ndefu, na hapana budi kukiri kwamba wahubiri wengi wanaosema hivyo wana mishahara na kuta ndefu.

Hoja hiyo, hata hivyo, inachanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. Kuwahitaji watu ni jambo moja, na kuwafanya watu kuwa mahakimu wa thamani ya nafsi ni jambo jingine kabisa. Mama lishe wa Tandika anawahitaji majirani zake ili mwanawe afikishwe Hospitali ya Temeke akizidiwa usiku wa manane, lakini hawahitaji waamue kama maisha yake yana maana au hayana. Mambo haya yakichanganywa, hata bima yenyewe huharibika. Mtu anayeogopa kusemwa hukopa kwa wale wakopeshaji wa mtaani ambao mikopo yao imepewa jina la kausha damu, yaani mikopo midogo ya riba kubwa ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki, ili tu mchango wake wa harusi usionekane mdogo. Na aliyekosa hata mahali pa kukopa huona aibu kwenda mikono mitupu, akazima simu, asionekane kwenye kikao wala kwenye msiba. Hivyo hofu ya macho ya watu humwondoa maskini katika mtandao uleule wa kusaidiana ambao watetezi wa mtazamo huu wanadai kuulinda. Anayeweza kwenda msibani na shilingi elfu moja na mikono ya kuchota maji, bila kujiona amepungukiwa na kitu, ndiye anayeudumisha ujirani, na uwezo huo hautoki katika sifa za watu, kwa kuwa hakuna atakayemsifu kwa elfu moja.

Tena, jiji lenyewe linajua kwamba sifa hazikai. Maneno yanayobandikwa nyuma ya daladala na kuandikwa kwenye khanga yamejaa malalamiko kwamba binadamu hawana jema na kwamba fadhila ya punda ni mateke, na ni ajabu kidogo kuona mji unaotangaza hivyo barabarani mchana kutwa ukienda jioni kwenye kikao kutafuta kusifiwa na binadamu haohao. Agostino, askofu wa Hipo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliliona tatizo hili kwa undani usio wa kawaida alipokuwa akiandika Maungamo yake kuelekea mwaka 400. Katika kitabu cha kumi cha andiko hilo anakiri kwamba, hata baada ya kuwa askofu, kupenda kusifiwa kulikuwa jaribu lililomkabili kila siku, na anaeleza kwa nini jaribu hilo ni gumu kulipima kuliko mengine: mtu anaweza kujua kama ameshinda tamaa ya mali kwa kuiacha mali, lakini hawezi kujua kama ameshinda tamaa ya sifa kwa kuziacha sifa, kwa sababu ingembidi aishi vibaya ili zimwondoke. Mwafrika huyo hakudai kupona. Alidai tu kwamba furaha ya kweli iko katika ukweli, ambao ni Mungu mwenyewe, na kwamba sifa ni mahali pabaya pa kuitafutia.

Sehemu ya pili ya mtazamo unaopingwa hapa ndiyo inayohitaji nguvu zaidi, kwa kuwa inajificha ndani ya lugha ya imani. Katika mahubiri yanayorushwa redioni na katika mikesha ya mwaka mpya, waumini wa vitongoji hivi huahidiwa mwaka wa kuinuliwa, huambiwa kwamba waliowacheka watashangaa, na hufundishwa kuomba ili wabaya wao waone. Zaburi ya 23, ambayo kitovu chake ni mchungaji anayemwongoza kondoo wake hata katika bonde la giza, hupunguzwa ikabaki meza moja tu iliyoandaliwa mbele ya watesi, na hata meza hiyo hufasiriwa kana kwamba chakula chake kikuu ni sura za watesi wanaotazama. Mstari wa 13 wa sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi hubandikwa kwenye kioo cha bajaji kama tangazo la ushindi, wakati mistari miwili inayoutangulia inaonyesha kwamba mambo ambayo Paulo, akiwa mfungwa, alisema anayaweza yalikuwa ni pamoja na kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kwa maneno mengine, andiko linalohusu mtu asiyetikiswa na hali yake limefanywa kuwa andiko la mtu anayedai hali yake ibadilike ili watu waione.

Kosa hapa si kwamba wahubiri wanaahidi baraka, kwa kuwa Biblia nayo inaahidi baraka, na mgonjwa au mwenye deni hastahili kudhihakiwa kwa kuomba aponywe au alipe. Kosa ni kwamba hadhira haijabadilishwa. Muumini aliyekuwa akiishi mbele ya macho ya mtaa anaambiwa amgeukie Mungu, lakini Mungu huyo anakabidhiwa kazi ya kumpandisha mbele ya mtaa uleule, hata ikawa Mungu ni mfadhili na mtaa ndio unaoendelea kuwa hakimu. Injili zenyewe haziruhusu mpango huo. Katika sura ya 10 ya Luka, wanafunzi sabini wanaporudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, Yesu hawakatazi kufurahi, bali anaihamisha furaha yao kutoka kwenye mafanikio yanayoonekana na kuipeleka kwenye majina yao yaliyoandikwa mbinguni, mahali ambapo hakuna jirani awezaye kuyasoma. Katika sura ya 5 ya Yohana anakwenda mbali zaidi, kwa kuunganisha kushindwa kwa wasikilizaji wake kuamini na mazoea yao ya kutukuzana wenyewe kwa wenyewe. Ikiwa uhusiano huo ni wa kweli, basi mahubiri yanayoinoa hamu ya kuonekana yanaudhoofisha uwezo wa kuamini, hata kama ukumbi umejaa. Waislamu wanaoishi ukuta kwa ukuta na Wakristo wa Mbagala wana mafundisho makali juu ya ria, yaani ibada inayofanywa ili watu waone, ambayo imehesabiwa kuwa shirki ndogo, na Mkristo anayesoma sura ya 6 ya Mathayo juu ya sadaka, sala na kufunga kwa siri hatapata shida kuelewa kwa nini.

Historia ya ushuhuda katika Afrika Mashariki inaonyesha umbali uliokwisha kupitiwa. Ushuhuda, kwa maana ya Kikristo, ni tamko la hadharani la mtu juu ya yale Mungu aliyomtendea. Katika Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda na Bukoba, watu walioitwa Balokole, yaani waliookoka, walisimama mbele ya wenzao wakataja wizi wao, uzinzi wao na chuki zao, kisha wengine wakarudisha walichoiba. Katika jamii ambamo kuficha aibu ni sehemu ya adabu, tendo hilo lilikuwa kujivua heshima kwa hiari, na wengi waliliona kama wazimu. Lakini lilikuwa na mantiki yake, kwa sababu aliyekwisha kusema mabaya yake mwenyewe hana tena siri ya kutishiwa nayo. Leo, katika makusanyiko mengi ya jiji, mwenye ushuhuda hupewa kipaza sauti ili ataje gari, kiwanja, safari ya nje au mchumba, na mkusanyiko hupiga makofi. Jina la tendo limebaki, lakini mwelekeo wake umepinduliwa: pale mwanzo mtu alipoteza sifa akapata amani, na sasa anapata sifa, halafu wiki inayofuata anahitaji ushuhuda mwingine. Haina maana kwamba Uamsho ulikuwa safi, kwa kuwa nao ulizalisha wapimaji wake, watu waliojipa mamlaka ya kuamua nani ameokoka sawasawa. Hata hivyo, unatosha kuonyesha kwamba tafsiri nyingine ya ushuhuda ilikwisha kuwapo katika ardhi hii.

Kinachotolewa na imani ya Kikristo mahali pa sifa za watu ni fundisho la kuhesabiwa haki, ambalo maana yake ni kwamba Mungu humkubali mtu kwa neema, yaani kwa wema asiostahili, kwa ajili ya Kristo, na si kama malipo ya mwenendo au mafanikio yake. Faida ya fundisho hili kwa suala la furaha iko katika mpangilio wa wakati. Kukubalika kwa watu huja baada ya tendo, hutegemea tendo, na hufutwa na tendo linalofuata. Kukubalika kwa neema hutangulia tendo, na kwa hiyo kufeli kwa biashara, kuvunjika kwa uchumba au kubomolewa kwa nyumba iliyo bondeni hakukufuti. Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alieleza kwamba kwa imani Mkristo hayuko chini ya mtu yeyote, na kwamba kwa upendo mtu huyohuyo ni mtumishi wa kila mtu. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo bila ya pili huzaa kiburi, na ya pili bila ya kwanza huzaa mtumwa wa kamati. Zikikaa pamoja zinamweleza vizuri kabisa yule anayekwenda msibani na elfu moja yake.

Pwani yenyewe ina mfano wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, sehemu kubwa ya Wakristo wao wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, katika mazingira ambamo uungwana ulikuwa suala la nasaba na mtumwa hakuwa na ukoo wa kumtetea. Misheni iliwaongoza kwa amri nyingi, na si haki kuipamba. Lakini ubatizo uliwapa watu hao jina na nafasi ambavyo havikutokana na kura ya waungwana wa mji, na fundisho hilo lilikuwa la hatari kwa utaratibu wa heshima wa wakati ule kama ambavyo lingekuwa la hatari leo kwa utaratibu wa kadi za harusi, kama lingehubiriwa.

Wapinzani wanaweza kurejea kwa njia ya takwimu. Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Tanzania katika nafasi ya 153 kati ya nchi 156 mwaka 2018, na nafasi hiyohiyo kati ya idadi hiyohiyo mwaka 2019, na baadhi ya watu walihoji imani imesaidia nini katika taifa ambalo misikiti na makanisa yake hujaa. Swali ni halali, lakini kipimo kinapaswa kutazamwa. Waulizwaji huombwa kufikiria ngazi yenye hatua kutoka 0 hadi 10, ambayo juu yake kuna maisha bora kabisa wanayoweza kuyapata na chini yake maisha mabaya kabisa, kisha waseme wamesimama wapi. Mwenye maji ya bomba yanayotoka mara mbili kwa wiki anayo haki ya kujiweka chini, na hakuna mchungaji anayepaswa kumsahihisha. Ila ngazi hiyo hupima tathmini ya mtu juu ya hali yake, na picha ya hatua ya juu huundwa kwa sehemu kubwa na kile anachoonyeshwa na wengine, siku hizi kupitia simu iliyo kiganjani. Furaha inayozungumzwa na Paulo gerezani haipo kwenye ngazi hiyo. Na mahubiri ya kuinuliwa, ambayo kazi yake yote ni kuinyooshea kidole hatua ya kumi, huenda yanachangia kumfanya msikilizaji ajione yuko chini zaidi ya alivyokuwa kabla ya ibada.

Pingamizi la mwisho ni kwamba kutosheka kwa namna hii huwatuliza maskini ili wasidai haki zao. Mwalimu Julius Nyerere aliwaambia Masista wa Maryknoll nchini Marekani, Oktoba 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na miundo inayowafunga watu katika umaskini litakosa maana kwa mwanadamu, na maneno hayo hayajachakaa. Lakini ni nani mwenye uwezo wa kupambana? Anayeishi kwa kukubalika hawezi kumkabili anayegawa kukubalika. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948 na kuwa Askofu Mkuu wa Uganda mwaka 1974, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji na ukatili wa vyombo vyake. Miezi minne baadaye, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu jijini Dar es Salaam na kumchagua Josiah Kibira, askofu wa Bukoba, ambaye naye alilelewa na Uamsho huohuo, kuwa rais wake. Haiwezekani kuwaita watu hao wapole waliolazwa usingizi na dini.

Makanisa ya kihistoria yasijifariji kwamba mashtaka haya yanayahusu makanisa ya mahema na vipaza sauti peke yake. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania bahasha ya ahadi, ambayo muumini huitumia kutolea kiasi alichoahidi kwa mwaka, hubeba namba ili utoaji ufuatiliwe kwa utulivu, lakini inapofika harambee ya ujenzi au mnada wa sikukuu ya mavuno, majina na kiasi hutangazwa, na mkusanyiko hupiga makofi kulingana na tarakimu. Katika parokia za Kikatoliki, jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 ili Kanisa liwe familia ya majirani, zimekuwa mahali pengine chombo cha kuhesabu nani anastahili kuzikwa kwa ibada na nani hakuhudhuria wala kuchangia vya kutosha. Kuna hatua ndogo iliyo ndani ya uwezo wa kila mzee wa kanisa na kila halmashauri ya walei kutoka Bunju hadi Mbande, nayo ni kuacha kusoma viwango vya michango ya watu hadharani. Watunza hazina hujibu kwamba mapato yatashuka. Huenda yakashuka kweli, na kiasi kitakachopungua kitaonyesha, kwa shilingi na senti, ni sehemu gani ya sadaka ilikuwa ikilipwa kwa ajili ya makofi.